Siku Nilipomleta Susu Kuonja Chungu

Tangu Jumamosi sijapumzika. Wanakwaya wananipigia simu, akina baba wa ushirika wananipigia simu, hata yule mama anayeuza sukuma langoni, ambaye kwetu hasali, alinishika mkono jana akaniuliza: Wafula, ilikuwaje? Kutoka mjini hadi Dagoretti mtu anamaliza siku nzima? Nimeona heri niandike mara moja, msome wote, kisha mniachilie nirudi kwa nyaya zangu za umeme.

Kwa wale ambao hamjawahi kufika kwetu: kila mwaka baada ya mavuno kanisa letu hufanya sherehe. Wenzetu wa Ukambani huleta chungu chao cha muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe mpaka yakalainika. Sisi wa magharibi husonga ugali na kupika kuku na mboga. Vyakula vyote huwekwa chini ya hema, na hakuna mkono unaogusa sahani mpaka Susu aonje. Susu ni nyanya kwa Kikamba. Jina lake ni Kalekye, lakini sijasikia mtu akilitumia. Ni mmoja wa walioanzisha sherehe hii, na siku hizi anakaa kwao Kitui. Akishaonja na kuitikia kwa kichwa, watu mia tatu ndio hula.

Miaka yote mwanawe ndiye humleta kwa gari. Safari hii alikuwa kazini mbali. Kamati ikakutana kuchagua wa kumpokea, mimi nikachelewa kufika, na kwa kamati yetu anayechelewa ndiye anayechaguliwa.

Mwenyekiti Makau alinivuta kando. "Watu wamechoka kungoja," akaniambia. "Kila mwaka chakula kinapoa tukisubiri mtu mmoja. Mlete saa saba kamili. Akichelewa, mwaka ujao hii mambo ya kuonja tunaitoa."

Nikamwambia asijali.

Stendi ya mabasi

Nilifika saa mbili asubuhi. Basi la Kitui lilifika saa tatu na nusu, na Susu akawa wa mwisho kushuka kwa sababu alikuwa anamuaga kila abiria kwa mkono. Ni mwanamke mfupi, na siku hiyo alikuwa amevaa kitenge, leso mabegani na viatu vyeusi vya michezo. Kifuani alikuwa amebandika lile ua la utepe ambalo kamati ilimtumia, limeandikwa MGENI WA HESHIMA kwa herufi za dhahabu. Lilikuwa la kuvaliwa Dagoretti. Yeye alilivaa tangu nyumbani.

"Basi lote limeniheshimu," akaniambia. "Wewe ndiye Wafula wa stima?"

"Ndiye mimi, Susu. Habari ya safari?"

"Mzuri. Mbona umekonda? Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Sikuuliza chai."

Makanga akatushushia gunia la ndengu, yaani pojo, zawadi ya Susu kwa sherehe. Lilikuwa refu na jembamba, limefungwa pande zote mbili kwa kamba na kuzungushiwa shuka jeupe lisiingie vumbi. Lishikeni hilo gunia akilini, maana litatuletea shida muda si mrefu.

Nyuma ya stendi kuna vibanda vya chakula. Susu alinusa hewa mara moja akaelekea huko kama mtu anayeitwa jina. Mwenye kibanda alikuwa mama aliyetoka Mwingi, huko huko Kitui. Susu akamuuliza baba yake ni nani, kisha babu yake, na walipofika kwa babu wa babu wakagundua kwamba ni mtu na shangazi yake, au kitu karibu na hicho. Sahani ya mahindi na maharagwe ikaja imejaa mpaka juu.

"Susu," nikamnong'oneza, "si unaenda kuonja?"

"Kuonja ni kuonja. Hii ni kula."

Akaimaliza. Tulipotoka, mama wa kibanda cha pili alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. Susu akasema haifai kupita jirani bila kumsalimia. Salamu hiyo ilikuwa chapati mbili na mchuzi. Simu yangu ikalia. Alikuwa Makau.

"Mko wapi?"

"Tuko njiani," nikasema. Ilikuwa karibu saa tano, na kusema kweli tulikuwa kando ya njia.

Waiyaki Way, mwendo wa maombolezo

Niliita teksi. Dereva aliitwa Mwangi, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Akanisaidia kuingiza gunia kwenye buti. Lilikuwa refu, ikabidi tukunje kiti kimoja ili ncha yake ipite ndani. Nikamwambia ashike Ngong Road.

"Tupitie Westlands," Susu akasema.

"Susu, huko ni kuzunguka."

"Nataka kuona majumba."

Umri wake haubishaniwi. Tukaelekea Westlands.

Hatujafika mbali, Makau akapiga tena. Spika ndogo ya simu yangu iliharibika zamani, kwa hiyo mtu akinipigia husikika na gari zima.

"Wafula, watu wamejaa hapa," akasema. Nyuma yake kwaya ilikuwa inaimba wimbo wa taratibu. "Akina mama wanalia tu. Mchungaji ameomba mara mbili. Mtamfikisha saa ngapi? Bila yeye hatuwezi kuanza."

"Tuko naye," nikamjibu. "Tumeondoka mjini saa hii."

Mwangi akazima redio. Sikulitilia maanani. Kisha akawasha taa zote za dharura na kupunguza mwendo mpaka watu wa miguu wakaanza kutupita. Nikadhani gari lina shida nikaogopa kuuliza. Kwenye mzunguko lori kubwa likasimama kutupisha. Mzee mmoja kando ya barabara akavua kofia na kuishika kifuani. Susu akamwinamia kichwa dirishani.

"Huyu kijana anaendesha kwa adabu," akaniambia. "Si kama mwanangu."

Tulienda hivyo mpaka tukakaribia Westlands. Hapo Mwangi akakohoa kidogo.

"Poleni sana kwa msiba," akasema. "Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Marehemu gani?" Susu akauliza.

Mwangi akatazama kioo, kisha akatazama ile ncha ya shuka jeupe karibu na bega lake. "Huyu. Wa nyuma."

"Hiyo ni ndengu."

Mwangi akaitazama tena ile ncha. "Na wale akina mama wanaolia?"

"Kuni mbichi," nikasema. "Ni moshi."

Mwangi akaegesha kando, akaweka kichwa kwenye usukani, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka. Nilipogeuka nyuma nikaona magari sita yamesimama nyuma yetu, yote yamewasha taa. Sijui yalitufuata tangu wapi, wala sijui yalitarajia kufika wapi.

Westlands, kwenye sherehe ya wenyewe

Susu akasema anataka msalani. Mwangi akatushusha kwenye jumba la maduka akasema atatungoja, maana gunia bado lilikuwa kwake, na pia, alisema, alitaka kuona hii hadithi inaisha vipi.

Nilisimama nje ya choo cha wanawake kama askari. Dakika kumi zikapita, halafu kumi na tano. Nikamuuliza dada aliyekuwa akipiga deki kama ameona mama mzee wa leso.

"Ule wa maua hapa?" akagusa kifua chake. "Alitoka na ule mlango mwingine. Wamemchukua."

"Nani?"

"Wale wa sherehe. Wamemchukua na heshima sana."

Kabla sijauliza sherehe gani, nikasikia spika kubwa zikisema, "Bwana asifiwe," na sauti ilikuwa naijua.

Kwenye maegesho ya jumba lile palikuwa na mahema meupe, meza zenye maua na wapishi wa hoteli mbalimbali wamepanga chakula ili kishindanishwe. Mbele palikuwa na jukwaa, na katikati ya jukwaa, kwenye kiti kikubwa kuliko vyote, alikaa Susu wetu na maiki mkononi. Walikuwa wanamngoja mgeni wa heshima, na huyu hapa amejitokeza, ameandikwa kifuani. Wangefanya nini?

Akaomba kwa Kikamba, sala ndefu yenye majina ya watu wa Kitui. Kisha wapishi wakaanza kupita. Wa kwanza akamwekea sahani pana sana, na katikati yake kipande cha nyama kisichozidi kidole gumba, juu yake jani moja.

Susu akakitazama. "Hii ni chakula ama ni mfano?"

Watu wakacheka. Mpishi naye akacheka, lakini si sana. "Ni ya kuonja, mama."

Akakitia mdomoni. "Nimeonja. Sasa lete yenyewe."

Wakamletea yenyewe. Wapishi walikuwa saba, na kila mmoja, baada ya kuona yaliyompata wa kwanza, alikuja na sahani kamili. Mimi nilikuwa chini nikipunga mikono kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama. Alinipungia pia.

Mwishoni wakamwomba aseme nani ameshinda. "Wote wamepita," akasema.

Mshereheshaji, kijana wa suti ya kung'aa, akamwambia lazima mmoja awe wa kwanza na mwingine wa mwisho. Susu akatikisa kichwa. "Mtu ameamka alfajiri akapika. Huwezi kumwangusha mbele ya watu." Alisema hivyo, kisha akabaki akizitazama zile sahani, mpaka kijana akachukua maiki.

Wakati huo nilimwona bwana mmoja mnene wa tai, amesimama kando ya jukwaa na ua la utepe kama la Susu, akitafuta pa kukaa. Nikapanda ngazi nikamnong'oneza Susu. Wala hakushtuka. Akashuka, akamshika yule bwana mkono, akamwambia, "Kiti nimekupashia joto," na kuwaalika watu wote Dagoretti wakimaliza kuonja, waje wale.

Simu ilikuwa inalia mfukoni. "Wafula, hizo spika ni za wapi?" Makau akauliza. "Mko kwa sherehe?"

"Tuko kwa sherehe, ndiyo."

"Gani?"

"Ya Westlands."

"Ni saa saba na nusu," akasema. "Watu wameshika vijiko." Akakata.

Muthangari, lango jeusi

Niliingia garini nikiwa nimeshapanga nitakavyoiomba kamati msamaha. Mwangi akaondoa gari. Hatujaenda mbali, Susu akamgusa bega. "Pinda hapo mbele. Tena hapo. Simama kwa lile geti nyeusi."

Ilikuwa barabara tulivu ya Muthangari, ua mrefu wa miti huku na huku, hakuna duka wala mtu. Nilishuka nikamfungulia mlango, nikidhani ni msalani tena. Hakushuka. Alikaa ameshika mkoba magotini, akitazama lile lango.

"Wafula," akasema mwishowe, "kabla Mama Nekesa hajashika upishi wa magharibi, unajua ulikuwa wa nani?"

Sikujua. Nimeishi Nairobi miaka tisa tu, na tangu nifike Mama Nekesa ndiye kiongozi wa wapishi wetu.

"Ulikuwa wa Truphena. Hii sherehe tuliianza sisi wawili. Tulikuwa wapishi hapa, yeye nyumba hii, na bado yuko, mimi ile ya pili. Mwaka mmoja nikaonja ugali yake mbele ya kanisa lote, nikasema, hii haijaiva. Watu wakacheka sana. Truphena akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwa kiti, akaenda. Ni miaka kumi na moja."

"Na ilikuwa haijaiva?" Mwangi akauliza.

Susu alimtazama. "Ilikuwa imeiva. Nilikuwa na jino inaniuma."

Hatukujua mahali pa kutazama, mimi na Mwangi.

"Na hujawahi kuja kumwambia?" nikauliza.

"Kila mwaka mwanangu akinileta anapitia Ngong Road," akasema. "Na mimi kila mwaka nashukuru Mungu kwa Ngong Road."

Nikaenda kubisha. Mlinzi akafungua kidirisha, akatazama teksi, akamtazama mama mwenye ua la dhahabu, akapiga simu ya ndani. "Kuna mgeni wa heshima hapa," akasema. "Ako na fundi wa stima na dereva."

Sauti ikasikika ikisema haikuita fundi. Lakini muda mfupi baadaye lango likafunguka, akatoka mwanamke mrefu wa rika la Susu, amevaa sweta na sapatu, anatembea taratibu. Akasimama. Susu naye alikuwa ameshashuka.

"Mulembe," Susu akasema. Hiyo ni salamu ya kwetu, na aliitamka vibaya.

Truphena akamjibu kwa Kikamba.

Wakaulizana magoti. Ya wote wawili yanauma. Wakaulizana mvua. Wakazungumza habari za kabichi, namna siku hizi zinaoza upesi, na mimi nikasikia simu inatetemeka mfukoni na sikuwa na moyo wa kuishika. Kisha Truphena akauliza, "Mmekula?"

Nikafungua mdomo niseme tumekula, na tumekula sana.

"Bado," Susu akasema.

Nilimtazama. Mama huyu alikuwa amekula vibanda viwili na hoteli saba.

Truphena akatuingiza jikoni nyuma ya nyumba. Alisonga ugali mbele yetu, bila haraka, ametugeuzia mgongo, na mvuke ukajaa madirishani. Akapakua na mrenda, ile mboga ya kuteleza, na omena, yaani dagaa. Mimi na Mwangi tulikula kidogo. Susu alikula ugali wote. Alikula polepole, jasho likimtoka kwenye paji la uso, anameza, anapumzika, anavuta pumzi, anakata tonge lingine. Truphena alikuwa amesimama, mikono ameikunja, hamtazami Susu, anatazama sahani. Tonge la mwisho lilichukua muda mrefu sana. Nilitaka kumwambia aache. Halikuwa neno langu kusema.

"Imeiva?" Truphena akauliza.

"Imeiva," Susu akasema. "Na ile nyingine pia ilikuwa imeiva, Truphena."

Truphena akachukua sahani akaiosha. Akaisuuza, akaipangusa, akaitazama, akaiosha tena. Alipogeuka alikuwa anajifuta mikono na sweta.

"Hiyo sherehe bado iko?"

"Iko leo."

"Saa ngapi?"

Nikatazama simu. Makau alikuwa amepiga mara kumi na nne. "Saa saba," nikasema. Wakati huo ilikuwa saa tisa na robo.

"Basi tumechelewa," Truphena akasema, akaenda kuchukua mkoba wake.

Dagoretti

Mliokuwepo mnajua tulivyowakuta. Kwaya ilikuwa imemaliza nyimbo zake zote ikaanza za Krismasi. Mchungaji alikuwa amehubiri mara tatu, na sasa alikuwa amekaa karibu na chakula kama mlinzi, kwa sababu akina baba walikuwa wanasogeza viti vyao kidogo kidogo kuelekea hema. Makau hakuwa na sauti tena. Aliniangalia kwa namna ambayo nitaikumbuka nikiwa mzee.

Wakampeleka Susu mbele, wakampa kijiko kirefu cha mti. Akina mama wakafunua vifuniko. Susu akasimama pale, akatazama muthokoi, akatazama ugali, akaweka mkono tumboni.

"Siwezi," akasema. "Nimeshiba."

Mlisikia wenyewe jinsi watu walivyoguna.

"Kijiko kimoja tu, Susu," Makau akanong'ona.

"Makau, hata punje moja haipiti."

Makau akatoa mfukoni karatasi ya utaratibu wa siku na kumwonyesha mstari: chakula kitaanza baada ya Susu kuonja.

"Hii karatasi nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi iandike tena." Akageuka, akamshika Truphena kiwiko, akampa kijiko.

Wengi wenu hamkumjua. Lakini mliona wale wa zamani wakiinuka mmoja mmoja kwenye viti, na Mama Nekesa, ambaye sasa najua alifundishwa kusonga na mwanamke huyo, akifungua aproni yake na kumfunga Truphena kiunoni.

Truphena akamega ugali, akautafuna, akaitikia kwa kichwa. Watu wakashusha pumzi. Akasogea kwa muthokoi, akachota kijiko, akatia mdomoni, akafumba macho.

Akachota kijiko cha pili. Kisha cha tatu, na hicho kilikuwa kimejaa.

"Mama," Makau akasema kwa kisauti chake kilichobaki, "tuanze?"

Truphena, mdomo umejaa, akainua kidole kimoja na kuendelea kuchota kwa mkono mwingine. Huko nyuma mtu akaanza kunung'unika kwamba hii sasa si kuonja.

Susu alikuwa ameketi na kuvua viatu. "Mwacheni," akasema. "Hiyo ni ya miaka kumi na moja."

Basi tukangoja, watu mia tatu na sahani mikononi, mpaka aliposhiba.